Adui wa Serikali, Mgeni wa Shangazi

Mandera, 9 Februari 1992

Kwa Abdihafid, mtoto wa kaka yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi shangazi yako Habibo ni mzima, mbuzi wazima, na yule ngamia mwekundu amezaa, mtoto wake anasimama vizuri. Goti langu la kushoto peke yake ndilo linalonisumbua, na hilo linasumbua tangu babako akiwa hai. Binti yangu Weris amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina langu, na makelele yake ni yangu pia. Nurto mkeo hajambo? Mwambie nimeota amenenepa.

Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha ngumbaru ili wale wanaofungua barua zetu njiani wasihangaike kutafuta mtu wa kuwatafsiria. Nanyi ndugu mnaoifungua, salaam alaikum, mkimaliza ifungeni vizuri.

Sasa kaa chini. Jumatatu asubuhi nilikuwa nakamua, nikasikia mtu anakuja mbio kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtu mzima, ndevu, bunduki begani, kiatu kimoja. Hakusalimu. Alipita katikati ya mbuzi, akaingia nyumbani kwangu, akaikumbatia nguzo ya kati kwa mikono miwili, akasema, "Mama, mimi ni magan wako." Na wewe, hata kama Garissa imekulainisha, unajua maana yake. Mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wangu, akishakunywa maziwa yangu, ni wangu mpaka afike salama. Akiguswa, nimeguswa mimi, na marehemu mume wangu kaburini, na wewe pia hapo ofisini.

Anaitwa Guleid. Kundi lake limeshindwa huko kwao na waliowashinda wanamtaka. Bunduki nilimkabidhi Kapteni wa kambi ya jeshi hapa jirani siku ile ile, kwa sababu bunduki haikushika nguzo. Lakini Kapteni akasema na mwenye bunduki pia atoke, ni adui wa kigeni, ni wakati wa vita, atachukuliwa akahojiwe. Abdihafid, wawili waliochukuliwa mwezi wa kumi na mbili wakahojiwe mpaka leo hawajarudi. Maswali gani hayo yasiyokwisha?

Nikamwambia Kapteni nina mtoto anayefanya kazi mahakamani Garissa, anaijua katiba yote kwa kichwa. Kwa hiyo andika upesi. Mtu huyu ana haki au hana? Kama anayo, nipe maneno yake nimwonyeshe Kapteni, maana sasa ananiangalia kama mzee asiyejua anachosema.

Shangazi yako,
Habibo


Garissa, 1 Machi 1992

Kwa Shangazi mpendwa,

Wa alaikumu ssalam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva Awil, ina alama ya kikombe cha chai ambayo sidhani ni yako. Sisi ni wazima. Nurto anakusalimu sana na anasema hajanenepa. Hapa joto ni lile lile, ila tumeletewa mkuu mpya wa ofisi anayevaa koti na tai, na sisi wote imetubidi tuvae. Juzi karani mmoja alizimia akiwa amebeba mafaili. Hongera kwa Weris.

Kuhusu mgeni wako. Shangazi, kwanza niseme ukweli, ningefurahi kama hukuniuliza. Mimi si wakili. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu imekuwa kusema maneno ya watu wengine, na ndiyo maana sijapata matatizo.

Lakini kwa kuwa umeshanitangaza kwa Kapteni, sikiliza. Katiba kifungu cha sabini hakisemi "kila Mkenya". Kinasema kila mtu aliyeko Kenya. Nimekisoma mara nne nikiwa nimefunga mlango. Guleid ni mtu, na nyumba yako iko Kenya, ingawa si kwa hatua nyingi. Kifungu cha sabini na mbili kinasema anayekamatwa apelekwe mbele ya hakimu ndani ya saa ishirini na nne, si porini. Zile sheria za hali ya hatari za mkoa wetu ziliondolewa Novemba iliyopita, Kapteni asikutishe nazo.

Kuna tatizo moja. Kifungu cha themanini na tatu kinasema Kenya ikiwa vitani, baadhi ya haki hizo zinaweza kupunguzwa. Kwa hiyo muulize kwa adabu: Kenya iko vitani? Kama haiko, basi huyo ni mtu tu aliyevuka mpaka bila ruhusa, apelekwe kwa hakimu. Kama iko, basi huyo ni mateka wa vita, na mateka ana sheria zake za kulindwa. Kokote atakakogeukia Kapteni, hakuna mahali panaposema ahojiwe mpaka apotee.

Nakuomba kwa heshima ya babangu: usimsomee mtu yeyote barua hii. Usinitaje. Ukishaielewa, ichome.

Wako,
Abdihafid


Mandera, 22 Machi 1992

Abdihafid wangu,

Salamu nyingi. Lori la Awil lilikwama Tarbaj siku tisa, ndiyo maana umechelewa kunisaidia, si kosa lako. Mtoto wa Weris ameota upele ukapona. Goti vile vile.

Barua yako nimeielewa vizuri sana, nimemsomea Kapteni mara mbili. Nilipofika pale pa "ichome" alicheka hadi chai ikamtoka puani. Akaomba aiazime. Nikampa, yeye ana sanduku la chuma lenye kufuli, na kwangu karatasi zinaliwa na mbuzi.

Nikamwuliza kama ulivyosema, kwa adabu. "Kapteni, Kenya iko vitani?" Akasema, "Mama, Kenya haiko vitani. Ila mimi niko." Nikamwambia basi uwe vitani nje ya ua wangu. Wallahi alikubali! Amepiga hema mbele ya uzio wa miiba, ameweka askari wawili zamu kwa zamu, na Guleid ananiangalia kutoka ndani. Mimi ndiye ninayepita katikati yao na ndoo za maziwa, maana maziwa ya kambi yote yanatoka kwangu.

Na usidhani nimepata shujaa. Huyo adui aliyeifanya serikali ipige hema zima anaogopa beberu wangu. Anakula kama watu watatu waliofunga. Amejaribu kuziba paa, ameongeza tundu. Nilipombana anieleze vitani alikuwa nani, akasema kwao alikuwa kinyozi, akapewa bunduki kwa sababu kila mwenye nywele alikuwa amekimbia mji. Nilimkasirikia, kisha nikamwonea huruma. Kila hema likitikiswa na upepo huirukia ile nguzo, anaishika mpaka vidole vinageuka rangi. Anajua vizuri wanachomtaka.

Jambo lingine dogo. Kapteni ameuliza, huyu mwanasheria wako ni raia? Ana ile kadi ya pinki waliyopewa Wasomali waliohakikiwa? Nikamcheka. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu amezaliwa hapa, babake amezaliwa hapa, anafanya kazi ya serikali, asiwe na kadi? Nitumie namba yake nimfunge mdomo.

Shangazi yako,
Habibo


Garissa, 12 Aprili 1992

Kwa Shangazi mpendwa,

Salaam. Natumai goti linaendelea vizuri. Hapa kwetu kuna habari nyingi sana. Mvua imenyesha, alhamdulillahi, Tana imejaa na maembe ya Bura yameharibika njiani. Jirani yetu amenunua punda ambaye hakubali kwenda mashariki. Ukimwelekeza upande huo anakaa. Wamemleta shekhe amsomee, shekhe amesema punda ni mzima, ana msimamo tu. Nurto anafuga kuku sita, mmoja mweusi.

Kuhusu Guleid, shauri langu ni hili: asikae hapo milele. Kapteni ana siku zake, atahamishwa, atakuja mwingine asiyependa maziwa. Mwambie aandike kwa mkono wake kwamba mtu huyu anakabidhiwa mahakama, si kikosi, na aweke sahihi mbele ya mashahidi. Akifika hapa mimi mwenyewe nitakuwa mkalimani wake.

Kapteni angerudisha ile barua, ningeshukuru. Hata kipande.

Kuku mweusi ndiye anayetaga zaidi.

Wako,
Abdihafid


Mandera, 6 Mei 1992

Abdihafid,

Salaam alaikum. Nimefurahi kwa kuku wote sita. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta namba ya kadi, nimempata punda.

Haya, tutarudi hapo. Sikiliza kilichotokea. Kinyozi wa kambi alipata malaria akapelekwa Wajir, na mkubwa wao alikuwa anakuja kukagua. Askari wote vichaka tupu vichwani! Wa kwanza akaja uzioni kwa aibu, akamwuliza Guleid kama kweli alikuwa kinyozi. Siku ya pili walikuwa kumi na wawili kwenye foleni. Siku ya tatu akaja Kapteni mwenyewe, anataka ndevu.

Sasa sheria ikaingia. Guleid hawezi kutoka uani kwangu, Kapteni hawezi kuingia. Tukatoa matawi mawili ya miiba, tukafanya dirisha. Kapteni akakaa kwenye kigoda chake huko nje, kiwiliwili serikalini, kichwa kwangu. Guleid akampaka povu, akafungua wembe. Mtu aliyewindwa miezi mitatu ameshika wembe kwenye koo la mwindaji! Askari wawili wa zamu wakasahau kupumua. Na Guleid akanusa sabuni, akaanza kunyoa kama yuko kwao.

Wembe ulipofika chini ya kidevu, nikasogea. Nikasema, "Kapteni, hapo ulipo, kuna vita?" Hakuweza kutikisa kichwa. Akasema meno yakiwa yamefungana, "Hakuna, mama." "Basi huyu apelekwe kwa hakimu?" "Apelekwe, mama." Mimi sikumlazimisha, na Guleid hakumkwaruza hata unywele. Aliponyanyuka alijipapasa shingo, akakaa mezani kwake, akaandika karatasi yote kama ulivyosema. Akaniambia ile haikuwa hofu. Alisema alikuwa amechoka kumtafutia kinyozi mahali pa kumpoteza.

Wataondoka Jumapili kwa gari lao. Goti halinipi ruhusa ya safari, kwa hiyo nimemvisha Guleid shali yangu ya maua mabegani, ile ya arusi ya Weris, ili kila mtu barabarani ajue ni wa nani. Kapteni ameapa haitavuliwa mpaka mahakamani. Hakimu akimwachilia, anakuja kwako. Mlishe.

Sasa nijibu. Kadi iko wapi?

Habibo


Garissa, 27 Mei 1992

Kwa Shangazi,

Salaam alaikum. Nurto ni mzima. Kuku ni wazima. Mimi nakuandikia nikiwa rumande.

Nianze na mazuri. Guleid alifika Alhamisi, shali mabegani, askari wanne wakimzunguka kwa heshima kana kwamba wanasindikiza bibi harusi mwenye ndevu. Nilitafsiri mimi. Sijawahi kutafsiri vizuri namna ile. Hakimu alisoma karatasi ya Kapteni, akauliza kama kuna tangazo lolote la vita, upande wa serikali ukasema haujaliona. Akasema basi mbele yake hakuna adui, kuna mtu. Akamhukumu siku moja ya kifungo kwa kuvuka bila kibali, ambayo alikuwa ameshaimaliza, kisha akaamuru aandikishwe mkimbizi apelekwe kambini Dadaab. Guleid alilia. Na mimi nililia kidogo, nikasingizia tai.

Kisha afisa mmoja wa usalama akafungua bahasha ya Kapteni. Ndani ilikuwamo barua yangu. Kapteni wako aliiambatisha kama ushahidi, kwa nia njema! Akaisoma yote kwa sauti, hadi "usinitaje, ichome". Akageuka. "Mkalimani, mtu asiyeficha kitu huandika hivi? Kadi yako iko wapi?"

Shangazi, sina. Umenishika. Siku ile ya uhakiki mwaka themanini na tisa niliamka nikavaa, nikafika mpaka kwenye foleni. Nikamwona mzee mmoja aliyemjua babangu tangu utotoni akiulizwa athibitishe babu yake alikunywa maji ya kisima kipi, akababaika, akawekwa upande wa wageni. Miguu ikanigeuza. Nikaenda Masalani siku tatu kumtembelea mtu nisiyemjua. Niliporudi meza zilikuwa zimeondolewa. Tangu hapo nimekuwa nikisubiri serikali isahau. Nurto mwenyewe hakujua.

Leo ni siku ya sita. Ukumbuke zile saa ishirini na nne. Niliwakumbusha, nikataja na kifungu. Wakasema hicho ni cha watu wenye kadi. Wanasema nisipopata wa kunishuhudia nitapelekwa mpakani nivushwe. Nivushwe kwenda wapi? Huko ng'ambo sijawahi kulala hata siku moja. Wazee wa kwetu wamekwenda Buna kwenye mkutano wa malisho, na waliobaki wanasema wananijua ila si sana.

Na Guleid? Anasubiri gari la Dadaab nyumbani kwangu. Ana karatasi yenye muhuri mkubwa. Nurto anasema anakula vizuri.

Naogopa, Shangazi. Sijawahi kuogopa hivi.

Abdihafid


Mandera, 3 Juni 1992

Waryaa, wewe Abdihafid!

Masalani! Nimemzika kaka yangu nikidhani ameacha mwanamume, kumbe ameacha mtu wa kukimbia meza! Miaka mitatu unalala ubavuni kwa Nurto bila kumwambia, unaniandikia habari za punda!

Nimeshalia, nimeshatukana, sasa nisikilize. Barabara imekatika, Awil yuko upande wa pili anaoga kwenye mafuriko. Barua hii inakuja na ndege ya jeshi. Kapteni mwenyewe ameibeba mkononi, haniangalii usoni kwa aibu. Ameandika na yake.

Mimi siwezi kufika kabla hawajakuvusha. Kwa hiyo nimemwandikia mtu aliye karibu nawe zaidi. Usimdharau. Alikaa miezi mitatu nyumbani kwangu akisikia habari zako kila siku, tangu ulipong'atwa na bata hadi ulipofeli hesabu. Hakuna mzee Garissa anayekujua kumshinda.

Kula unachopewa. Mimi nakupenda, mpumbavu wewe.

Shangazi yako


Garissa, 19 Juni 1992

Kwa Shangazi yangu,

Salaam alaikum. Nimetoka jana.

Walinileta mbele ya hakimu yule yule siku ya ishirini na nane. Hakimu akauliza kama mtuhumiwa ana shahidi wa uraia wake. Nyuma akasimama Guleid. Afisa wa usalama akaruka: huyu ni mgeni, majuzi alikuwa adui, atashuhudiaje nani ni Mkenya? Hakimu akavua miwani, akasema ana karatasi halali kumshinda mtuhumiwa, basi aseme. Kwa kuwa mkalimani ndiye aliyekuwa kizimbani, ikabidi nijitafsirie mwenyewe.

Akaeleza yote. Babangu, babu yangu, kisima, ngamia, Masalani. Alitaja hata yule bata. Hakimu akamwuliza, "Haya umeyasikia kwa shangazi yake. Wewe mwenyewe unajuaje kwamba mtu huyu ni Mkenya?"

Guleid akafikiri. Akasema, nami nikatafsiri, "Mheshimiwa, nimemwona anavyoiogopa serikali ya Kenya. Sisi wageni hatuiogopi namna hiyo."

Watu walicheka mpaka nje. Yule karani aliyezimia kwa joto la tai alicheka. Hakimu hakucheka. Alivaa miwani yake, akasema niachiliwe, na ombi langu la kadi lipokelewe. Nimelipeleka leo. Wamesema nirudi baada ya Ramadhani, hawakusema ya mwaka gani.

Tulipotoka, gari la Dadaab lilikuwa limeshamfikia. Guleid akanishika mkono akaniambia, "Pole sana." Nikamwuliza pole ya nini tena, si nimeachiliwa? Akasema, "Mimi nilikuwa mgeni, ikachukua siku moja. Pole kwa kuwa wa hapa." Akapanda.

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, Shangazi. Nurto alipofungua mlango ndipo nikalia, na nilikuwa bado nalia aliponiletea maji.

Wako,
Abdihafid